Maji Taka Yetu Yapo Uganda

Ujumbe wa bili uliingia kwenye simu ya Benta Apeduno asubuhi moja akikaanga wimbi uliochacha juu ya bati. Akausoma, akausoma tena, kisha akamwita mumewe aje ausome yeye, kwa kuwa moshi ulikuwa umemjaa machoni na alitumaini ni moshi uliomdanganya. Mzee Egwang akavaa miwani, akasoma, akavua miwani, akasema bili ni ile ile.

Bei ya maji ilikuwa imepanda. Hilo lilitangazwa redioni, watu wa Malaba wakalalamika siku mbili tatu, wakazoea, kama walivyozoea bei ya sukari. Jipya lilikuwa mstari wa chini: ada ya maji taka, robo tatu ya bei ya maji yenyewe. Hapo ndipo Benta alipoweka mwiko chini.

"Maji taka gani?" akauliza. "Hii boma iko na maji taka gani ya kulipia? Choo si ni ile shimo ulichimba wewe mwenyewe?"

Egwang hakubisha. Alilichimba kweli, miaka ile mgongo wake ulipokuwa bado unamtii. Bomba kubwa la maji taka lilipita mbali na kwao, kando ya barabara kuu ambako malori ya kuingia Uganda hupanga foleni, na mtaa wao wa nyuma ya reli ulilijua kwa harufu tu, siku lilipopasuka. Lakini Egwang alikuwa kuli mstaafu wa reli, na maisha yake yote hakuwahi kugombana na mtu aliyevaa yunifomu. Akashauri walipe kwanza, walalamike baadaye. Ofisi ikikosea, alisema, ni kama mvua imenyesha. Mtu hujikinga, haipigi mawe.

"Wewe jikinge," Benta akasema. "Mimi silipi."

Kusema silipi ni rahisi. Tatizo ni kwamba kwa Benta maji hayakuwa ya kuoga na kufua tu. Aliuza ajono, pombe ya wimbi ya Wateso, ile inayonywewa kwa mirija mirefu wazee wakiwa wamekizunguka chungu kimoja. Anayejua bia ya chupa peke yake hawezi kuelewa. Ajono haimiminwi ikaisha. Wimbi hubaki chunguni, na mwenye chungu huongeza maji ya moto, watu wakavuta, akaongeza tena, wakavuta, mpaka utamu uishe au mazungumzo yaishe. Bila maji ya moto, chungu ni matope ya wimbi tu. Na chungu hicho ndicho kilichomlisha Benta na mzee wake, ndicho kilichomweka Everlyne, kitinda mimba wao, katika chuo cha ualimu. Maji yakikatwa, chungu kinakauka. Chungu kikikauka, Everlyne anarudi nyumbani na sanduku lake. Kila mtu katika boma ile alilijua hilo, hata Egwang, ambaye hupenda kutojua mambo.

Benta akalipa pesa ya maji na kuiacha ya maji taka. Jirani yake Ejoku, mwenye gesti ndogo ya madereva wa malori iliyoitwa Paradiso, aliposikia akafanya vivyo hivyo. Wengine wakamwiga Ejoku. Kabla mwezi haujaisha mtaa mzima ulikuwa kwenye mgomo, na hakuna aliyewahi kutangaza mgomo.

Kampuni ya maji ikajibu kwa ujumbe mwingine: asiyelipa bili yote atakatiwa.

Benta akavaa gauni lake la kanisani, akaenda ofisini kueleza kwamba hana bomba la maji taka, ana choo cha shimo. Kwenye dirisha alikaa msichana mmoja aliyeitwa Vivianne, mwenye kucha ndefu na subira fupi. Vivianne akamsikiliza huku akiitazama kompyuta, kisha akamwambia alete ushahidi. Benta akauliza ushahidi wa nini. Wa choo, Vivianne akasema, picha itatosha.

Akarudi siku iliyofuata na picha kwenye simu, iliyopigwa na Ejoku kutoka pembe nzuri. Vivianne akaikuza kwa vidole viwili. Akamwita mwenzake wa dirisha la pili, naye akaja kutazama. Watu waliokuwa kwenye foleni nyuma ya Benta wakanyoosha shingo, na mzee mmoja asiyejulikana akasifu mlango.

"Mama, hii picha haionyeshi kama hii choo ni yako," Vivianne akasema.

"Ulitaka nisimame ndani?"

Vivianne hakucheka. Alieleza kwamba bomba la maji taka limepita karibu na eneo lao, na mtu ambaye bomba limepita karibu naye anahesabiwa ameunganishwa, hata kama hajaunganishwa, ili apate moyo wa kujiunganisha. Kama hakubaliani na hilo, ahudhurie kikao cha maoni ya wananchi, Jumanne, katika ukumbi wa kanisa. Kutakuwa na soda.

Benta alitoka pale mashavu yakimuwaka. Aliwahi kuchekwa kwa mengi, lakini kuchekewa choo na watu asiowajua, akiwa amevaa gauni la kanisani, hilo lilikuwa geni kwake.

Mtaa ukamchagua Benta awe msemaji wake. Haikuhitaji kura. Malaba ina mawakala wa forodha, wachungaji na vijana wa digrii, lakini watu walipofikiria nani ana mdomo wa kutosha, jina lililotajwa ni moja. Egwang peke yake ndiye aliyemshauri asiende. Alisema mgongo unamuuma, alisema mbuzi mmoja hali vizuri, alisema ameota vibaya. Benta hakuelewa kwa nini mtu mmoja awe na sababu nyingi hivyo, akamwambia avae shati.

Ukumbi ulijaa. Mbele aliketi meneja wa kampuni, mwanamume mtanashati aliyehamia kutoka mbali na ambaye bado alitamka jina la Malaba kama mtu anayeonja dawa. Mezani kwake palikuwa na maji ya chupa. Alirusha ukutani michoro ya mabomba ya buluu, akasema gharama zimepanda, umeme wa pampu umepanda, dawa ya maji imepanda, na kwamba anakaribisha maoni. Ejoku akainua mkono na kuuliza kwa nini watu wa maji wanakunywa maji ya dukani. Meneja akazishusha chupa chini ya meza.

Ndipo Benta akasimama kwenye safu ya kwanza. Egwang alikuwa amekaa nyuma kabisa, jirani na mlango.

"Mimi naitwa Benta Apeduno, Mama Atyang," akaanza. "Nauza ajono na sioni haya. Nyinyi mnasema hiyo bomba ya taka imepita karibu na sisi, kwa hivyo tulipe. Sasa arusi ikipita mbele ya kwangu, natoa mahari?"

Ukumbi ukacheka. Meneja naye akatabasamu kidogo, kwa adabu. Benta akapata nguvu. Alikuwa amelipanga neno lake vizuri wakati wa kukaanga wimbi, na sehemu tamu ilikuwa bado mbele.

Hapo mlango wa pembeni ukafunguliwa, akaingia kijana mrefu mwenye fulana ya kampuni, amebeba kreti ya soda. Meneja akamnyooshea mkono na kusema kwamba huyu ndiye ofisa mpya wa wateja wa Malaba, amehamishwa juzi kutoka Port Victoria, na bili zote za eneo hili ziko mikononi mwake. Anaitwa Bwana Oduori.

Benta alimjua Oduori. Ndiye aliyemwoa binti yake mkubwa, Atyang.

Ikiwa kuna mtu wa pwani anayesoma haya, inafaa aelezwe. Kwa Wateso, na kwa Wasamia wa kina Oduori vilevile, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Si chuki, ni heshima, tena kubwa. Benta alijua mkwe wake ni mtu wa kampuni ya maji kule Port Victoria, na alishukuru kwamba Port Victoria ni mbali, kwa sababu mkwe aliye mbali hana shida. Kusimama mbele yake na kumfokea hadharani kuhusu vyoo, hilo halikuwahi kumpata mwanamke yeyote wa ukoo wake.

Akafanya kitu pekee alichoweza. Akajitupia leso kichwani, akageuka, akawapa mgongo meneja, michoro, soda na mkwe.

Mtu wa kwanza aliyemwona baada ya kugeuka alikuwa Egwang, kule nyuma, na uso wa Egwang ulikiri kila kitu kabla hajaulizwa. Atyang alikuwa amempigia baba yake wiki mbili kabla kumweleza juu ya uhamisho. Egwang alikuwa akingoja siku nzuri ya kumwambia mkewe, na tangu bili ije siku nzuri haikuwahi kufika.

Ejoku hakujua lolote kati ya hayo. Aliona msemaji wao amewageuzia mgongo wakubwa katikati ya sentensi, na akaona ni mbinu ya hali ya juu sana. Akainuka, akageuza kiti chake, akaketi akiutazama ukuta wa nyuma. Aliyekuwa kando yake akageuza. Viti vya plastiki vikakwaruza sakafu safu kwa safu, mpaka ukumbi mzima ukawa unamtazama Egwang, ambaye hakuwahi kutazamwa na watu wengi hivyo maishani mwake.

Meneja akabaki anahutubia visogo. Akageuka kutafuta msaada kwa ofisa wake mpya, akamkuta Oduori naye ameutazama ukuta, kreti ingali mikononi, shingo imeinama.

"Mama, tafadhali, zungumza ukituangalia," meneja akasema.

Benta hakuweza, wala hakuweza kueleza kwa nini bila kumwaibisha kijana wa watu mbele ya bosi wake. Lakini kunyamaza pia hakuweza. Chungu kilikuwa mgongoni mwake na Everlyne yuko chuoni. Akamtumia mtu aliyekuwa mbele ya macho yake.

"Egwang," akasema, "mwambie huyo meneja: maji yangu haiendi kwa choo. Naiweka kwa chungu. Kutoka kwa chungu inaingia kwa watu."

Egwang akasimama. Kazi ya mshenga aliijua, ila alizoea kuifanya kwenye posa. "Anasema," akatangaza, "maji anaitumia vizuri."

"Sikusema hivyo. Mwambie hao watu wakishakunywa wanavuka mpaka kurudi kwao, na huko ng'ambo ndio wanakojoa."

Egwang akafungua mdomo, akaufunga. Mkwe wake alikuwa amesimama pale. Hakuna mzee wa heshima anayetaja mkojo mbele ya mkwe. "Anasema," akajikaza, "maji husafiri."

Meneja akauliza yanasafiri kwenda wapi. Egwang akasema ng'ambo. Meneja akauliza kwa njia gani. Egwang akatazama dari ya kanisa kuomba msaada, na msaada ukatoka kwa Ejoku, ambaye hakuwa mkwe wa mtu yeyote mle ndani.

"Maji taka yetu yapo Uganda!" Ejoku akanguruma bila kugeuka. "Bili ipelekeni huko!"

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka kwenye foleni ya malori. Meneja akafunga kompyuta yake, akasema maoni yamepokelewa na yatafikiriwa. Watu wakachukua soda kinyumenyume, kwa kupapasa, ili wasiharibu mgomo.

Mtaa ulisherehekea siku tatu. Benta hakusherehekea. Egwang alilala kwenye kiti, na alistahili.

Siku ya nne Atyang alipiga simu akilia. Alikuwa mjamzito, miezi ya mwisho, na huwa hapigi simu akilia bure. Meneja alikuwa amemwita mumewe ofisini na kumuuliza kwa nini aliungana na wateja kuigomea kampuni. Oduori akajaribu kumweleza habari za mama mkwe. Meneja akasema amesoma kanuni zote za kampuni na hakuna mahali mama mkwe ametajwa. Kama Oduori anataka kuaminiwa, aende mwenyewe akawakatie viongozi wa mgomo, Ijumaa, aanze na yule mama wa ajono. Akikataa, arudishe kitambulisho.

"Mama, usimtukane akikuja," Atyang akasema. "Yeye pia hajalala."

Benta akamwambia mtu haruhusiwi kumtukana mkwe, hata akitaka. Kisha akakata simu, akakaa jikoni muda mrefu akikitazama chungu. Hasira aliyokuwa nayo wiki nzima ilikuwa nzuri, ya kumpa mtu nguvu, kwa sababu ilikuwa na adui mwenye tai. Sasa alikuwa na binti mwenye mimba upande mmoja na binti wa chuo upande mwingine, na bomba moja katikati yao. Alihisi uchungu, na hakuwa na wa kumfokea.

Ejoku alijaza mapipa, mitungi na mabeseni yote ya Paradiso. Benta hakujaza hata sufuria. Kujaza, alisema, ni kukubali.

Ijumaa pikipiki ya kampuni ikaingia mtaani. Oduori alikuwa peke yake. Fundi aliyepaswa kufuatana naye alikuwa ameugua ghafla aliposikia ni boma gani. Egwang aliiona pikipiki kutoka mbali, akawafungua mbuzi waliokwisha kulishwa, akawatoa kwa nyuma kwenda kulishwa tena.

Kwa hiyo Oduori alipofika langoni na kukohoa kile kikohozi cha mkwe, hapakuwa na mtu wa kumpokea. Benta alikuwa ndani ya jikoni, mlango umefungwa nusu. Kati yao palikuwa na uwanja uliofagiliwa na kuku mmoja mwekundu akichakura. Wakangoja. Mshenga wao alikuwa malishoni.

"Kuku," Oduori akasema hatimaye, akiwa ameitazama barabara, "waambie wenye boma nimekuja. Na sikukuja kwa kupenda."

Kuku akaendelea kuchakura. Kutoka jikoni sauti ikajibu: "Kuku, mwambie mgeni boma imesikia."

"Kuku, mwambie Mama mita iko nyuma ya jikoni. Mimi siwezi kupita huko."

"Mwambie najua mahali mita iko."

Oduori akahamisha spana kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Kuku, mwambie Mama hiyo pesa ya taka niko nayo. Nilipe leo, kimya kimya, iishe."

Benta aliitamani pesa ile, haifai kuficha. Lakini alijua watu, na alijua mahari. Ng'ombe mmoja wa Atyang alikuwa bado hajaletwa, na siku ya kuhesabu, wajomba wa upande ule wangekumbuka kila shilingi.

"Kuku, mwambie mgeni Atyang bado iko na ng'ombe moja haijafika. Sitaki kesho kwao waseme hiyo ng'ombe ilipitia kwa choo."

"Mama, hawawezi—" Oduori akajisahau, akashtuka, akakohoa. "Kuku, mwambie hawawezi."

"Mwambie wanaweza."

Kuku akapata mdudu, akamla. Benta alipozungumza safari hii sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kuku, uliza mgeni hivi. Asipokata hii maji, Atyang atakula nini?"

Oduori alisimama na mgongo wake kwa boma, mwanamume mzima mwenye fulana ya kampuni, akifuta uso kwa mkono.

"Basi mwambie aweke hiyo spana juu ya jiwe," Benta akasema, "ageuke."

Oduori akaiweka, akageuka. Benta akatoka ameinamisha kichwa ndani ya leso, akaichukua spana, akapita nyuma ya jikoni. Akapiga magoti kwenye mita. Koki ilikuwa ngumu, na mara mbili spana ilimponyoka. Ilipofungika, alisikia maji yakikatika ndani ya bomba, na moyo ukamuuma kweli, si kidogo. Amesimama mbele ya ukumbi mzima ili maji haya yasikatwe, na anayekata ni yeye.

Kule langoni Oduori alisikia kimya cha bomba, akapiga simu. "Boss, imekatwa," akasema. Akaulizwa kama ameshuhudia. Akasema niko hapa hapa, boss, imekatwa. Yote yalikuwa kweli tupu.

Akashika usukani wa pikipiki aende.

"Kuku, mwambie mgeni haendi popote."

Oduori akajitetea kwamba yuko kazini. Kuku akaambiwa amjibu kwamba kazi ameshamaliza. Mkwe aliyekanyaga uwanja wa mama mkwe haondoki bila kulishwa, na chakula chake si mboga wala si maharagwe. Angeondoka hivi hivi, Atyang angezaa akiwa na aibu ya wazazi waliomwacha mumewe arudi na njaa. Oduori alilijua hilo sawa na yeye. Akavua kofia, akaingia sebuleni, akaketi chini ya kalenda ya kanisa, mikono magotini.

Benta akatazama uwanja. Mle bomani hapakuwa na kuku mwingine. Mjumbe hauawi, wamesema wahenga, lakini waliosema hivyo hawakuwa na mkwe sebuleni. Akachukua kisu.

Alipomaliza, akawasha moto, akatenga sufuria kubwa, akafungua mfereji. Mfereji ukatoa pumzi, ukatema tone moja, ukanyamaza.

Benta akasimama na sufuria mkononi. Mtungi hakuna, ndoo hakuna, hata birika lilikuwa kavu, kwa sababu ya kiburi chake. Kwa Ejoku yamejaa pipa zima, lakini kumwomba Ejoku maji ya kumpikia mkwe ni kuutangazia mtaa mzima ni nani aliyetumwa kukata. Kuku alikuwa amelala kwenye sinia, manyoya yote mwilini, na mtu wa kutumwa kwenda kuzungumza na mgeni hakuwepo tena. Akaenda akasimama kando ya ukuta wa sebule, upande wa nje, akauegemea. Na kwa mara ya kwanza tangu kijana yule amwoe binti yake, akamsemesha yeye mwenyewe.

"Oduori."

Ndani kiti kikalia. "Mama."

"Simu umeweka kwa mfuko?"

"Ndiyo, Mama."

"Iache huko. Kuku hainyonyolewi kwa mate."

Oduori alifikiri kidogo. Alikuwa ofisa mwaminifu, na swali lile lilistahili kufikiriwa. "Mama," akasema, "mimi niko hapa ndani. Nyuma ya jikoni siwezi kujua kunaendelea nini. Ni mwiko."

Benta akauegemea ukuta ule kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyohitaji, akicheka ndani ya leso bila sauti, machozi yakimtoka. Hakujua kama anamcheka meneja au anamshukuru mama aliyemzaa kijana huyu. Kisha akachukua spana na kurudi nyuma ya jikoni.

Sebuleni Oduori akasikia maji yakiangukia sufuriani, mengi, kwa kishindo. Akainuka, akaufunga mlango wa upande ule, akaketi tena.

Egwang alirudi na mbuzi wake aliposikia harufu ya kuku. Mkwe alikuwa ameshakula na kuondoka, na chombo kimebaki mifupa mitupu. Mzee akakaa, akakohoa, akatafuta neno la amani. Akauliza mkwe alikuwa ameleta nini, maana kwa desturi mkwe haji ukweni mikono mitupu, na hata yeye, Egwang, alipokuwa kuli, hakuwahi kwenda kwa kina Benta bila sukari.

Benta akaingiza mkono chini ya leso, akaiweka spana juu ya meza.

Egwang akavaa miwani. Akaitazama, akaona jina la kampuni limechongwa kwenye chuma, akavua miwani haraka. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama huyo kijana hatakuja kuidai.

"Alienda bila kuiuliza," Benta akasema. "Zawadi ya mkwe hairudishwi."

Nje wazee wa kwanza walikuwa wameshaketi kuzunguka chungu, mirija mikononi, na mmoja wao alikuwa akilalamika kwamba ajono ya leo imekauka. Benta akabeba birika la maji ya moto, akaenda kuongeza.